Mpira Uliokatika Hewani

Tulimzika Mama Aline siku ya mvua nyembamba, na baada ya mazishi tukarudi nyumbani kwake, juu kidogo ya soko la Gisenyi. Kwenye karatasi mji huo siku hizi ni Rubavu, lakini sisi tulioishi pale zamani ulimi umekataa kubadilika. Sebule ilijaa akina mama waliovuka kutoka Goma na vitenge vyao vya msiba, wachungaji, padri aliyeshuka kutoka Nyundo, na Hadji muuza vitambaa ambaye alikuwa jirani wa marehemu miaka yote. Nilikuwa nikipeleka chai chumba cha nyuma nilipowakuta wajukuu. Walikuwa wamechoka kuhuzunika, kama watoto wanavyochoka, wakawasha televisheni pana kama mlango na kuanza kucheza mpira, sauti wameizima kwa heshima. Deo, mdogo wake marehemu, alikuwa amesimama kizingitini ameegemea magongo, anatazama. Ana mvi kichwa kizima sasa. Nilidhani angewakemea. Hakugeuka hata kunitazama, alisema tu, polepole, "Koleta, angalia vile inatembea. Haikatike hata kidogo." Kisha akafuta macho kwa kiganja. Nikaweka sinia chini. Nilijua anamlilia dada yake, na nilijua pia mawazo yake yamerudi mwaka gani.

Ulikuwa mwaka 1999. Jinsi familia yetu ilivyotoka Tanzania na kufika Rwanda ni habari ndefu na hapa haina kazi. Inatosha kusema kwamba nilikuwa msichana mwenye vidole vyepesi kwenye taipureta, na kwamba Mama Aline aliniajiri kwa sababu hiyo. Alicheka Kiswahili changu tangu siku ya kwanza. "Huyu anasema kama redio," aliwaambia wateja, naye akazidi kuniongelesha kile chake cha Goma, cha mutu na muzuri, mpaka na mimi nikaanza kukiota. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu kilichogawanywa katikati kwa tripleksi, zile mbao nyembamba ambazo zinaficha watu lakini hazifichi maneno. Upande wa mbele zilikuwapo taipureta, mashine ya fotokopi iliyohitaji kupigwa kofi ndipo ifanye kazi, benchi la wateja, na dirisha ambalo kati ya mapaa mawili ya mabati liliniachia kipande cha ziwa. Upande wa nyuma palikuwa na jiko la makaa, mifuko ya viazi kutoka Mudende, na kitanda cha Deo. Mchana kutwa harufu ya wino na ya sambaza wakikaangwa zilichanganyika hewani, na hadi leo nikipita mahali wanapokaanga samaki wadogo, vidole vyangu vinatafuta herufi.

Deo alikuwa kipa. Watu waliomwona akicheza hawakuweza kulieleza jambo hilo wakiwa wameketi. Walisimama, wakanyoosha mikono, wakajirusha nusu katikati ya duka. Walisema alidaka mipira kana kwamba mtu alimwambia asubuhi ile itakapopita. Mimi sikuwahi kumwona uwanjani. Mwaka uliotangulia barabara ya kwenda Ruhengeri haikuwa ya kupita bila kwanza kumwomba Mungu, na gari alilopanda lilikanyaga bomu lililofukiwa. Alitoka hospitalini bila mguu wa kulia, akaingia nyuma ya tripleksi, na hakutoka tena. Magongo yake yalisimama ukutani yakiwa bado na karatasi ya hospitali. Kila mchana Mama Aline alimpelekea sahani ya bugali na sombe, ule ugali na kisamvu chao, na kila mchana sahani ilirudi nusu. Hakumgombeza. Alikuwa mwanamke wa kugombeza kila mtu, askari, wateja, hata Hadji, lakini ile nusu ya bugali aliifunika kwa sahani nyingine bila neno, akaisogeza polepole kando ya ukuta kana kwamba ni mtu aliyelala.

Kompyuta ya kwanza aliileta Mama Aline kutoka Kigali, kutoka ofisi iliyokuwa ikifungwa. Ilikuja imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Watu wa mtaa walikuja kuiona. Tulisema ordinateri, kwa Kifaransa chetu, na tulisema kwa sauti ya chini. Mama Aline alikuwa na hesabu yake kichwani: asubuhi itaandika barua na kadi za harusi, na jioni, saa za kufunga duka, vijana watacheza. Alikuwa amekwisha kuona vyumba vya michezo Goma, jinsi vijana walivyosongamana mpaka jasho linatiririka kwenye kuta. Mteja wetu mmoja, kijana aliyerudi kutoka Uganda, alitupatia sidii ya mchezo wa mpira. Tuliposikia umati ukiimba ndani ya lile sanduku, Mama Aline alishika shingo yake kwa mikono miwili. "Mana yanjye," alimwita Mungu wake kwa Kinyarwanda. "Batu bote hawa beko mule ndani?"

Lakini mashine ilikuwa imechoka. Iliandika barua vizuri, ila kwenye mchezo picha ilikuwa ikienda na kusimama, ikienda na kusimama, kama gari linaloishiwa mafuta. Mchezaji alikuwa hapa, kisha alikuwa pale, na ile njia ya katikati hakuna aliyemwona akiipita. Vijana hawakujali mwanzoni. Walipiga kelele, wakasukumana, wakaahidiana kuuana. Na jioni moja, katikati ya kelele hizo, nilisikia gongo likigusa sakafu nyuma ya tripleksi. Kisha likagusa tena. Vijana walinyamaza mmoja mmoja. Deo alitoka akiwa na fulana ya kulalia, amekonda, akapepesa macho kwenye mwanga wa jioni, akasema kwa adabu kabisa, "Batoto, munipatie nafasi kidogo."

Walimwachia kiti. Nilimwonyesha vitufe vya kibodi, kipi cha kukimbia, kipi cha kumrusha kipa. Hakutaka kukimbia wala kufunga; alingojea tu wapinzani wafike golini kwake. Mshambuliaji akapiga. Mpira ulionekana kwenye mguu wake, na kufumba na kufumbua ulikuwa ndani ya nyavu. Deo alingoja tena. Ukapigwa wa pili: mguuni, kisha nyavuni. Alisogeza uso karibu na kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu, akapigiwa wa tatu, na hapo akaweka kidole juu ya kioo, kwenye ile nafasi kati ya mguu na goli, kana kwamba ameona shimo.

"Hapa katikati," aliniuliza, "mupira inapita wapi?"

"Inaruka, kaka Deo. Mashine ni nzito, haiwahi."

"Hapana. Mupira hairuke. Mupira inapita." Akachukua magongo yake, akarudi nyuma.

Usiku bado haujaingia vizuri nilikuwa nafunika taipureta, nikawasikia wakizungumza huko ndani. Sikukusudia kusikiliza, lakini nimeshasema ile mbao ilikuwa ya namna gani. Mama Aline alikuwa akimwambia kwamba ni muchezo tu wa batoto, asijitie huzuni. Deo akasema, kwa lile neno lake la kumwita dada, "Yaya, mi nalala, naona ile mutu anapiga mupira. Kila siku. Namuona anapiga, halafu naamuka. Mi nilitoka leo juu ya kuona mupira inakuja mpaka mwisho. Donc, basi, nayo haikuje." Nilisikia makaa yakichochewa, na chochote Mama Aline alichofikiri alikifikiri akiwa ameinamia jiko.

Asubuhi yake alinipa bahasha ya fedha kabla sijavua koti. "Koleta, mutaenda Goma, wewe na Deo. Kule soko iko Bwana Kambale anauza maordinateri ya Dubai. Mutachagua ingine."

Nilimtazama. "Deo atakubali kutoka?"

"Nimemwambia we Koleta haujue mupira, utaletea miye takataka." Kisha, akiwa ameshageuka, akaongeza kwa nguvu ya mwenye duka: "Lakini mulete ya kioo kikubwa! Mutu akipita pale barabarani, akione. Anajua hapa ni bureau ya batu ba kisasa."

Siku hizi wanangu wakitaka kununua kompyuta wanakaa na simu, wanasoma maoni ya watu wa dunia nzima, wanabishana juu ya herufi na namba. Sisi tulikwenda na sidii moja ndani ya mkoba wangu, tumeizungushia leso. Mji ulikuwa umeamka. Wanawake wa Nyamyumba walipanda na mabeseni ya samaki, wengine walielekea mpakani na karoti na vitunguu, na mbele yetu Nyiragongo, ule mlima wa moto, ilikaa na moshi wake, tulivu, kama ilivyozoea kukaa juu ya maisha yetu. Deo alitembea kwa magongo mpaka kwenye kona ya kwanza, kisha akalazimika kusimama. Hakuwa amechoka. Alikuwa anatazama ziwa. Alilitazama muda mrefu, lote, kutoka upande wa kiwanda cha bia mpaka upande wa Kongo, na mimi niliyekuwa nimelizoea nikaliona kwa mara ya kwanza kuwa ni kubwa.

Tulipovuka barrière ndogo, kile kizuizi cha mpakani, nilimkodia chukudu. Kwa asiyeijua, ni kama pikipiki iliyochongwa kwa shoka: mti mmoja mzito, usukani, magurudumu mawili ya mbao yaliyovalishwa mpira, na mwenye nayo anaisukuma kwa mguu mmoja kama mtu anayeogelea. Mwenye ile yetu aliitwa Bahati, mtu mzima mwenye mabega ya ng'ombe, na alipomwona Deo hakuuliza kitu, alitandika gunia juu ya ubao, akamwita kaka mkubwa kwa heshima: "Keti hapa, grand." Wakaenda mbele, nami nikifuata nimebeba magongo yake, juu ya zile barabara za mawe meusi ya volkano yanayokata viatu.

Duka la Kambale lilikuwa na giza, na jenereta ilinguruma nyuma. Kambale mwenyewe alikuwa mtu mpole wa miwani, na nafikiri alipenda mashine zake kuliko kuziuza. Kile kioo kikubwa tulikiona kabla ya yeye kutuona. Kilikuwa cheusi, kipana, na aliposhika swichi na kuweka sidii yetu, uwanja uliwaka kijani hata nikasikia kama nimefunguliwa dirisha. Nilijua Mama Aline angekipenda. Nilijiona nimekwisha kukiweka dirishani. "Kaka Deo," nilisema, "ni hiki."

"Ngoja wapige," alijibu.

Wakapiga. Ulikuwa mpira uleule wetu wa Gisenyi, ila mkubwa: mguuni, kisha nyavuni.

Deo alimweleza Kambale shida yake, naye Kambale hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa mbele yetu. "Kioo ni mudomo tu," alisema. "Inasema ile kichwa inawaza. Kichwa ni hii sanduku. Kila wakati mupira inasogea, kichwa inapashwa ichore picha ingine, mupya, majani, batu, vyote. Kama inachora pole, kioo inangoja, inakuonyesha ile ya zamani. Hata umupatie mudomo kubwa namna gani, atasema kigugumizi." Kisha akatuambia tutazame kile kioo kikubwa kwa pembe ya jicho, tusikitazame usoni. Nilifanya hivyo nikaona kumbe kilikuwa kinatetemeka chote, kama maji kwenye sufuria inayokaribia kuchemka. Deo alikuwa amekwisha kuona. Nadhani alikuwa akitazama vitu vyote kwa pembe ya jicho tangu utotoni.

Kutoka chini ya meza Kambale akavuta sanduku lisilo na mfuniko, waya zimetoka nje kama utumbo wa kuku. Alituonyesha ndani yake kadi, ubao mwembamba wa kijani, kazi yake ni kuchora picha tu ili kichwa kisihangaike peke yake. Na akaongeza kipande cha memori alichokitoa kwenye droo na kukipuliza vumbi. Akaunganisha na kioo kidogo, cha rangi ya meno ya mvutaji, kimekwaruzwa ubavuni. Halafu akaingia mahali fulani kwenye mchezo, akapunguza ule wingi wa vitu vidogovidogo, watazamaji wakawa madoa tu. "Unatoa kile hauhitaji," alisema. "Batu ba pembeni, ya nini?"

Mchezo ulianza. Sijui niliandike vipi hili ili anayesoma, ambaye ameona makubwa zaidi mfukoni mwake, alione kama nilivyoliona. Mshambuliaji alipiga kutoka mbali. Mpira ukaondoka mguuni, na haukukatika. Ulipanda. Ulikuwa ukizunguka, niliyaona madoa yake meusi yakizunguka. Ulifika juu, ukafikiri kidogo, ukaanza kushuka, na chini yake, juu ya majani, kilikuwa kikikimbia kivuli chake. Nilikuwa sijui kwamba ule mpira una kivuli. Wiki nyingi nilikuwa nimeutazama na sikuwahi kukiona, kwa sababu hakikupewa nafasi ya kukimbia. Nilishika mkono wa Bahati wa chukudu, ambaye alikuwa ameingia kutuchungulia, na yeye hakuuondoa. Nilipomtazama Deo, mikono yake ilikuwa imeacha kibodi. Ilikuwa imeinuka mbele ya kifua, vidole vimefunguka, inangoja. Mpira ukapita ukaingia golini, yeye akafungwa, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepewa mtoto wake amshike.

"Inapita," alisema. "Koleta, inapita."

Fedha ya Mama Aline ilitosha kichwa kizuri na mdomo mdogo, au mdomo mkubwa na kigugumizi. Nilisimama pale na bahasha yangu nikimwogopa mama yule aliyeniamini. Kambale alifuta miwani yake na hakutusukuma upande wowote. Deo aliniambia, "We ndiye alikupatia franga. Sema." Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu mtu mzima kuniachia niseme. Nikasema tunachukua kidogo.

Tulifunga sanduku na kioo juu ya chukudu kwa kamba za mpira wa baiskeli, Deo akakaa nyuma yake ameshikilia. Barabara ya kurudi mpakani ina mteremko, na Bahati alikuwa akiizuia chukudu kwa kisigino chake, akipiga kelele watu wapishe. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma. Niliona gurudumu la mbele likipanda jiwe, nikaona kamba ikikatika na kuchapa hewani kama nyoka. Kioo kiliinama, kikateleza kutoka kwenye ubao upande wa kushoto. Nilifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, Deo alikuwa ameshaondoka kwenye chukudu.

Hakuanguka. Nimelirudia kichwani mara nyingi na nina hakika: hakuanguka, alijirusha. Alijisukuma kwa mguu wake mmoja, mwili wote ukanyooka ubavu, mikono ikatangulia, na kile kioo kizito kikaingia kifuani kwake kabla hakijagusa jiwe. Aligeuka nacho hewani ili mgongo wake ndio utangulie chini. Kisha nikasikia kishindo. Nilitupa magongo nikakimbia. Alikuwa amelala chali juu ya mawe meusi, amekumbatia kioo kwa mikono miwili, ameinua kidevu, shati limechanika kiwiko, damu inatoka. Barabara nzima ilisimama. Bahati alikuwa amejishika kichwa, akisema "yebabawe, yebabawe" bila kukoma.

"Kaka Deo!"

"Sikuiachia," alisema Deo.

Mama aliyekuwa akiuza nyanya pembeni alisogea, akainama, akamtazama uso. "Lakini huyu ni Deo," aliwaambia wenzake. "Deo wa Gisenyi. Deo kipa!" Mwanamume mmoja akarudia jina. Akaja mwingine, akavua kofia. Wakaanza kupiga makofi, watu waliokuwa na mizigo vichwani wakaishika kwa mkono mmoja na kujipiga paja kwa mwingine, na yule mama wa nyanya alikuwa akilia na kucheka, akieleza wasiojua jinsi alivyomwona akidaka penati, mtu ambaye kila mmoja alidhani amekufa. Deo, bado chini, bado na kioo kifuani, alianza kucheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko cha juu, cha kijana. Nilimpangusa damu kwa ile leso ya sidii.

Mama Aline alikuwa amesimama mlangoni alipotuona tukipanda. Aliona kwanza damu, akaja mbio. Alipohakikisha kwamba mdogo wake ni mzima, aliona kioo. "Hii?" alisema. "Hii ndiyo mulienda kuchagua? Nimesema kikubwa! Hii iko kama dirisha ya choo!" Alitugombeza tukiwa tunafungua kamba, akatugombeza tukiunganisha waya, akamgombeza Bahati ambaye alikuwa amekataa kurudi Goma kabla hajaona kama kinawaka. Kikawaka. Mstari mmoja ulipita katikati, kikatulia. Niliweka sidii, nikafanya kama Kambale alivyofanya, nikatoa watu wa pembeni. Mama Aline alikuwa bado anasema pale mpira wa kwanza ulipopaa.

Akakaa kwenye benchi la wateja. Tulimchezea mwingine, na mwingine, naye akawa anaufuata kwa kidevu, juu, chini, kama anayetazama ndege akitua. Halafu niligundua hautazami mpira tena. Alikuwa anamtazama Deo, kiwiko kimefungwa kitambaa, anasubiri mpira, macho yamekaza. Ghafla Deo akamrusha yule kipa mdogo wa ndani ya kioo na kuudaka. Mama Aline aliinuka akaenda nyuma ya tripleksi. Jioni ile sahani ya Deo ilirudi tupu. Mama Aline aliishika mikononi muda mrefu kabla ya kuiosha, na hakuniambia neno tena kuhusu ukubwa wa kioo.

Vijana waliosikia habari ya mashine isiyokatika walikuja kutoka mitaa yote, hata kutoka ng'ambo ya mpaka. Waliocheza na Deo walishindwa, hawakuweza kumfunga. Mmoja wa waliokuja aliitwa Fiston, kijana mrefu aliyekuwa amechukua nafasi yake katika timu ya mji, na kila Jumapili alikuwa akifungwa mabao ya aibu. Alikaa kando ya Deo jioni nyingi bila kushika kibodi, akiuliza tu. Nikiwa naandika barua za watu niliwasikia. "Usiangalie mupira," Deo alimwambia. "Mupira itakuja, haina haraka. Angalia kiuno ya mutu. Kiuno haiongope." Fiston akamwuliza kwa nini basi hasemi hayo uwanjani. Deo akasema uwanja ni ya batu ba miguu mbili. Fiston, ambaye hakuwa na maneno mengi, akasema, "Grand, mi niko na miguu mbili, na hainisaidie."

Nimefikiri sana, mwezi huu wa msiba, juu ya kile kilichotokea mwaka ule, na sidai kwamba mashine ilimponya mtu. Mguu haukurudi, na barabara zilibaki na watu wao waliozikwa pembeni. Lakini niliona kwa macho yangu mtu akitafuta kitu kidogo sana, kile kipande cha njia kati ya kupigwa na kufika, na akakifuata hadi akatoka nje ya chumba. Tangu hapo, kila ninapoona kitu kikitembea bila kukatika, maji, au mtoto anayejifunza baiskeli na ghafla akaweza, napatwa na ule mshtuko wa dukani kwa Kambale. Sijauzoea. Natumaini sitauzoea.

Jumapili moja baada ya misa Mama Aline hakupika. Alivaa kitenge kipya, akaniambia nifunge duka, na sote watatu tukashuka mpaka uwanjani, tukimfuata Deo kwa mwendo wa magongo yake. Mechi ilikuwa na timu kutoka Goma. Watu walikuwa wamejaa kwenye majani. Deo hakukaa nasi. Alizunguka uwanja mzima, polepole, na kila alipopita watu walisimama, hata upande wa Goma walisimama, mpaka akafika nyuma ya goli la Fiston na kuyakita magongo yake pale. Mama Aline alinishika mkono, na alikuwa na mkono mgumu.

Muda mrefu hakikutokea kitu. Kisha mshambuliaji wao, jamaa mfupi mwenye nguvu, akapenya katikati, akainua mguu, na kutoka nyuma ya goli nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kubwa, iliyojaza uwanja: "Kuume!" Fiston aliruka kuume kabla mpira haujapigwa. Nikauona ukija, njia yake yote, kutoka mguuni mpaka kwenye vidole vyake, na ukabaki hapo. Uwanja ulilipuka. Fiston alilala chini akiukumbatia, anacheka, anawapungia mkono rafiki zake. Mama Aline alikuwa amesimama, kitenge kimemlegea kiunoni, analia mbele ya mji mzima.

Deo peke yake hakushangilia. Alikuwa ameinama juu ya magongo, uso karibu na nyavu, akimfokea kijana kwa hasira yote aliyokuwa nayo:

"Unalala hapo unafanya nini? Simama! Iko ingine inakuja!"